Mhadhara na Cherehani

Ewe mzazi mwenzangu uliyefungiwa nyumba moja na mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka wa 2020, sogea hapa tupeane pole. Ziko balaa za mwaka ule ambazo hazikutangazwa na wizara yoyote. Mimi wanafunzi nilikuwa nao wawili. Wawili, na cherehani, na mamamkwe, na mtoto wa darasa la kwanza ambaye ukimnong'oneza siri usiku, asubuhi muuza mahamri anakuuliza habari yake.

Watu wa nyumba yangu nitakutajia kwa majina yao ya kazi, maana ya kwenye cheti hayatumiki. Mke wangu ni Waziri. Usiniulize waziri wa nini. Wizara zote anazo yeye. Binti yetu mkubwa, Nasra, ni Profesa, na wakati huo alikuwa mwaka wa pili akisomea takwimu huko Nairobi. Mpwa wangu Faki, tuliyemlea tangu angali mdogo, ni Kimya, kwa sababu aweza kula cha mchana na cha jioni bila kutoa neno zaidi ya bismillahi. Yeye alikuwa akisomea uhandisi wa mitambo. Kitinda mimba ni Redio. Na mamake Waziri, mamamkwe wangu, ni Bi Kafyu. Jina hilo alilipata zamani, serikali haijalifikiria: nyumba yoyote aliyomo, magharibi ikiisha, mlango unapigwa komeo na aliye nje alale nje. Kwa hiyo tarehe 27 Machi, tulipoanza kufungiwa nchi nzima kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, Bi Kafyu alitikisa kichwa kwa utulivu, kama mtu ambaye barua yake kwa serikali hatimaye imejibiwa.

Lakini yetu yalikuwa yameanza kabla ya hapo. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akasema shule za kutwa zifungwe kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Profesa akashuka Mombasa na basi la usiku, na sanduku la nguo ambalo watu wawili walilinyanyua kwa shida. Vitabu? Vitabu alikuwa ameviacha bwenini. "Baba, ni wiki mbili tatu tu."

Mimi nashona kanzu. Sasa harusi zimesimamishwa, misikiti imefungwa, kanzu mpya mtu avae aende nayo wapi? Nikaona kulipia chumba cha duka ni kutupa pesa, nikaibeba cherehani hadi nyumbani kwetu Kisauni, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha penye mwanga, nikaanza kushona barakoa. Nakueleza haya ili ujue kwamba mimi ndiye niliyetangulia sebuleni. Vyuo vikuu vilikuja baadaye, bila hodi.

Maana mtandao, kwetu, ulishika vizuri mahali pawili tu: dirisha la sebule na karibu na tangi la maji uani. Kimya, bila kusema neno, akachukua tangi. Profesa akachukua dirisha. Cherehani yangu ina mota ya umeme, na mota hiyo, niliambiwa na watu wa nyumba hii kwa nyuso zilizokunjwa, husikika darasa zima. Wanafunzi wa Kisumu, Garissa na Machakos walijua nikifika kwenye pindo na nikikata uzi. Nikapewa amri: nishone mwalimu akinyamaza. Wewe umewahi kukutana na mhadhiri anayenyamaza?

Jambo la kwanza alilofanya Profesa ni ratiba. Wallahi ilikuwa nzuri. Kijani cha mihadhara, buluu ya kudurusu, nyekundu ya mazoezi, manjano ya "muda wangu binafsi", na kuamka kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu. Akaibandika ukutani juu ya picha yetu ya harusi, ikaziba uso wangu, wa Waziri ukabaki ukitazama. Kuichora kulichukua siku mbili, akachoka, akapumzika. Kuanzia hapo ratiba ilikaa pale ukutani ikitusimamia sisi wengine. Bi Kafyu ndiye aliyekuwa akiamka saa ile iliyoandikwa.

Sitaki umdhanie binti yangu ni mvivu. Huyu alipata alama zilizomfanya baba yake ashone kanzu ya mtu huku akiimba. Mimi nina maoni yangu kuhusu hili, na kwa kuwa nyumbani hakuna anayeyasikiliza, yasikilize wewe. Kule chuoni kusoma kwake kulikuwa kunabebwa na wengine. Kuna rafiki wa chumba cha pili anayegonga mlango, "Twende bwana, tutakosa viti." Kuna foleni ya kantini inayokufanya uwahi. Kuna maktaba ambayo kuna saa inafungwa, basi unajibana umalize. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopanda basi la usiku kuja Mombasa. Akaja yeye na sanduku lake, akaambiwa ajiamshe mwenyewe, ajikalishe mwenyewe, ajifungie maktaba mwenyewe. Chuo kilikuwa kimemfundisha kutafuta wastani na mchepuko wa namba chungu nzima. La kukaa peke yake na kazi ngumu kwa saa mbili, hilo hakuna aliyemfundisha, nasi nyumbani hatukuwa nalo la kumpa.

Tulichokuwa nacho ni kazi za mkono. Katika serikali ya Waziri, mtu aliyeketi na simu mkononi hana shughuli, hata simu hiyo iwe na mhadhiri ndani.

"Nasra, weka simu uje ukune nazi."

"Mama, niko darasani."

"Darasa gani hilo unasoma umelala chali?"

Na kusema kweli alikuwa amelala chali. Darasa la saa mbili lilikuwa la kitandani, la saa nne la kitandani, na la mchana, kwa sababu ya joto, la sakafuni mbele ya feni. Nami nikiishiwa uzi, nani atumwe dukani? Si yule aliyelala?

Halafu kuna bando. Data za usiku zilikuwa rahisi kuliko za mchana, kwa hiyo Profesa akageuza saa zake. Usiku alikuwa anapakua mihadhara iliyorekodiwa, na maandishi ambayo wahadhiri walimwaga kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Alfajiri anaswali, analala, anaamka adhuhuri imeshaadhiniwa. Ukimuuliza, "Baba, nilikuwa nasoma usiku kucha." Nikachungulia siku moja: laptopu ilikuwa inashusha mhadhara na yeye anatazama tamthilia ya Kituruki kwenye simu. Mhadhara ukishaingia kwenye laptopu moyo wake ulitulia, ukaona tumeshasoma. Kufikia mwezi wa Mei alikuwa na mihadhara ya kutosha kufungua chuo chake mwenyewe, na aliyoisikiliza hadi mwisho ilikuwa ile ambayo Redio aliibonyeza kwa bahati mbaya.

Redio naye alikuwa na masomo yake, yale ya kwenye redio ya KBC. Basi fikiria asubuhi yetu: redio inafundisha herufi, dirishani wanafundisha uwezekano, kwenye tangi wanafundisha joto na nishati, mimi navizia mhadhiri apumue nikanyage pedali, na Waziri yuko mlangoni anagombana na muuza samaki.

Ramadhani ilikuja mwishoni mwa Aprili, nasi wa Mombasa tulikuwa tayari tumefungiwa kaunti yetu tangu tarehe 8. Tarawehe tuliiswali sebuleni, mimi nikiwa imamu kwa kukosekana mwingine. Mhadhiri mmoja wa Kimya akaona hiyo ndiyo saa nzuri ya kufidia vipindi. Kimya alisali rakaa nane na simu mfukoni, kipaza sauti kimezimwa, na sikio moja, nina shaka, halikuwa kwangu. Kisha tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa usitoke wala kuingia, na dada yake Bi Kafyu akabaki ndani. Kuanzia hapo dada huyo akawa anapigiwa simu asubuhi na jioni, kwa simu yangu, kwa salio langu, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ni mtama wa jirani aliyekufa mwaka wa 1987 aliudai nani.

Mwezi wa Julai tukasikia kwamba kampuni ya Loon, ya hao hao wenye Google, imeanza kurusha maputo ya intaneti angani mwa Kenya, kama 35 hivi, yakielea kilomita 20 juu. Bi Kafyu alitoka barazani siku kadhaa akikinga jua kwa kiganja. Nikamwambia, mama, hayo ni ya upande wa magharibi na kati ya nchi, huku pwani hayafiki. Akanijibu upepo ni wa Mungu. Januari iliyofuata kampuni ikatangaza inafunga kazi, naye hajawahi kukubali kwamba hakuliona hata moja.

Sasa nije kwenye ile siku ya wasilisho.

Profesa alitakiwa kuwaeleza wenzake uhusiano wa vitu viwili vinavyopimika, kwa kutumia namba alizokusanya mwenyewe. Mwenyewe, akiwa amefungiwa Kisauni! Akachukua daftari langu la mauzo. Upande mmoja akaweka barakoa nilizouza kila siku, upande wa pili wagonjwa waliotangazwa siku hiyo, maana kila alasiri tulikuwa tukimsikiliza Waziri Mutahi Kagwe (huyo alikuwa waziri wa afya, si wa kwangu) akisoma idadi. Akachora nukta zake, akapitisha mstari, mstari ukapanda vizuri. Siku hiyo alivaa buibui jipya na kujipaka wanja. Chini, nje ya kamera, alikuwa na leso yangu ya kuogea.

Amri zilitolewa tangu jana yake. Cherehani kimya. Redio apelekwe kwa jirani. Muuza samaki akija, Waziri amalizane naye nje ya geti. Bi Kafyu hakupewa amri yoyote, kwa sababu hakuna mtu katika nyumba hii mwenye cheo cha kumpa. Alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya Profesa, anachambua mchele.

Mtoto akazungumza vizuri. Mimi sikuelewa lakini nilisikia raha. Akamaliza, mhadhiri akauliza, na huku nyuma yake yeye pia tukasikia jogoo akiwika: "Sawa, Nasra. Kwa hivyo unadai kwamba matangazo ya wagonjwa ndiyo yanayowafanya watu wanunue barakoa?"

Profesa akasita. Nyuma yake sauti ikasema, "La. Ni polisi."

Kukawa na kimya cha mtandao, kile ambacho hujui watu wamekufa au wamekwama.

"Nani huyo?" akauliza mhadhiri.

"Ni mimi bibi yake. Assalamu alaikum, mwalimu. Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo? Watoto?" Na mhadhiri, aliyelelewa vizuri, akajibu yote moja baada ya jingine, naye akarudisha salamu, huku darasa zima likisubiri. Kisha Bi Kafyu akaeleza. Watu wa mtaa huu hawaogopi namba za kwenye runinga. Polisi wakifanya msako pale stendi na kumkamata kila asiye na barakoa, jioni hiyo watu wanapanga foleni kwa mkwe wangu. Msako ukipoa, hata watangazwe wagonjwa wangapi, yeye hukaa hapo anajipepea.

Mhadhiri alicheka hadi jogoo wake akanyamaza. Akawaambia wanafunzi kwamba bibi ameshika kile ambacho kitabu kinakitolea sura nzima: vitu viwili vyaweza kupanda pamoja na kushuka pamoja, na anayevisukuma vyote ni wa tatu, hayumo kwenye jedwali lako. Profesa alipata alama nzuri kwa namba, na akaambiwa arudi akaulize watu kabla ya kuchora mstari.

Mambo yangeishia hapo tungekuwa na heshima. Lakini Bi Kafyu akaona mtu anayesikiliza. "Na mwalimu, kwa kuwa umeuliza," akasema, ingawa hakuna aliyeuliza, "mtoto huyu anaamka adhuhuri. Mwambie. Sisi hatusikii."

Profesa aliangusha laptopu ikajifunga. Hakula mchana. Waziri, aliyekuwa getini na changu wawili mkononi, alipopewa habari alikaa chini kwenye ngazi akacheka hadi samaki wakamponyoka.

Lakini tazama lililotokea baada ya hapo. Kila kipindi, mhadhiri akishaingia, swali lake la kwanza: "Nasra yuko? Bibi hajambo?" Sasa utakosekana vipi? Ukikosekana, darasa zima linajua umelala, na ni nani aliyesema. Profesa akawa anaamka saa mbili, anaketi kitako, mezani, na buibui. Kile ambacho rangi nne za ratiba hazikuweza, salamu moja iliweza. Wenzake watatu wakaomba wawe wanapigiana simu saa moja unusu kuamshana, kisha wakaanza kusoma pamoja kwenye Zoom ya bure, ile inayokata watu baada ya dakika 40. Inapokata, wananyanyuka, wananyoosha migongo, wanarudi. Waziri akagundua kuwa hizo dakika za kunyoosha mgongo zatosha kabisa kukuna nazi moja. Amani ikaingia nyumbani kwa mlango huo.

Kimya je? Kimya alitusahaulisha kuwa yupo. Maabara zimefungwa, mashine anazosomea ziko mbali, yeye ana daftari na tangi. Siku moja Bi Kafyu, amehamia uani kufuata upepo, akamwona akisoma ukurasa ule ule, mdomo unacheza, mara ya tatu.

"Wewe, funga hilo daftari."

"Bibi?"

"Lifunge. Niambie ulichosoma."

Bi Kafyu mwenyewe alisoma chuo cha Kurani Mji wa Kale zama za ubao, na kwa mwalimu wao hukupewa somo jipya mpaka usikilizishe la jana, macho yako hayana mahali pa kutazama. Njia nyingine ya kusoma haijui. Kimya akafunga, akasema, "Joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye joto." Akanyamaza, akidhani imetosha.

"Na jokofu letu? Linatoa joto kwenye maji linalipeleka wapi?"

Kimya akafanya jambo ambalo siku hizo hatukuzoea kuliona kwake: akasema mengi. Wakaenda jikoni wote wawili, Bi Kafyu akaweka kiganja nyuma ya jokofu, akakuta pa moto. Akataka kujua ni nani anayelisukuma hilo joto kama lenyewe haliendi. Akaambiwa kompresa. Akauliza nayo inakula nini. Akaambiwa stima. Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimefuata maji tu: "Umesikia? Ndiyo maana tokeni haikai."

Basi ikawa kila siku baada ya alasiri, yeye na bakuli la mbaazi, Kimya na daftari lililofungwa. Hakuelewa robo ya alichoambiwa, lakini kijana akibabaika alimjua papo hapo, kwa kuwa amesikiliza wababaishaji tangu binti zake walipoanza kuchumbiwa. Baadaye Profesa, kwa wivu kidogo, alituambia kuwa jambo hilo limeshapimwa. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, mwaka wa 2006 waliwapa wanafunzi maandishi, wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakafunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki walikuwa nyuma. Bi Kafyu aliposomewa hayo aliuliza hao Wamarekani walisoma kwa mwalimu gani.

Mitihani waliifanyia hapo hapo nyumbani, simu imesimamishwa juu ya kopo la maziwa ikiwatazama. Waziri akapiga marufuku pasi, runinga, cherehani na kikohozi. Stima yenyewe haikupata ile amri, ikakatika mtaa mzima mtihani ukiwa katikati, na Profesa alimalizia kwa simu ya mama yake, ambayo kila baada ya dakika ilileta ujumbe wa kikundi cha akina mama kuhusu mchango wa kitu fulani. Walipita. Profesa alipita vizuri, Kimya alipita hadi tukadhani ni la mtu mwingine hilo jina. Waziri alipokea pongezi za majirani barazani kwa siku kadhaa, akiwaeleza siri ni nidhamu ya nyumba.

Vyuo vilipofunguliwa waliondoka na treni, Profesa na sanduku lile lile, mara hii na daftari ndani. Mimi nikarudisha cherehani dukani, nikaanza tena kupokea vipimo vya kanzu. Nikadhani gharama za elimu ya juu kwangu zimeshuka.

Kisha alasiri moja simu ikaita, ni Kimya. Hakuitafuta sauti yangu. "Mjomba, bibi yuko?" Nikampelekea. Alimsikilizisha somo zima la mtiririko wa maji kwenye mabomba, na Bi Kafyu akimkatiza, "Kwa nini? Rudia hapo. Mbona umekohoa?" Alipomaliza yeye, akampa na Profesa. Siku hizi ni kila wiki. Na wakikaa kimya muda mrefu, Bi Kafyu anawapigia yeye, kwa sababu salio la wanafunzi ni dogo, wasiumie. Jana nimenunua la mia mbili asubuhi. Jioni namtafuta mteja nimwambie kanzu yake ni tayari, naambiwa sina senti, na mamamkwe wangu ananirudishia simu ikiwa ya moto, akiniagiza nisisahau kuichaji.